Altaneta Iliyolala na Joto

Vijana wangu mnaoingia kwenye umeme wa magari, mzee anayewaandikia haya ameifanya kazi hiyo Musoma mpaka mgongo ukagoma, na bado kuna mambo ya altaneta hayajaniingia akilini. Msinicheke. Tairi likipasuka, mtaa mzima unajua. Injini ikikwama, hata mpita njia atakuambia imekwama. Altaneta haina ustaarabu huo. Inaumwa kimya kimya, na ukiipima mbele ya mwenye gari inakuwa nzima kukuzidi wewe fundi. Imenichanganya mara nyingi, na mara moja ilikaribia kumvunjia kijana wa watu jina lake. Hiyo ndiyo nataka kuwasimulia, ila nitazunguka kidogo kwanza, maana mzee akishika kalamu haendi njia ya mkato.

Kwa asiyejua, altaneta ni ile mashine ya duara iliyofungwa ubavuni mwa injini na kuzungushwa na mkanda. Wengine bado wanaiita dainamo, jina la mashine ya zamani. Gari likiwa linatembea, yenyewe ndiyo inatengeneza umeme, na betri inarudishiwa ilichotumia wakati wa kuwasha. Betri ni ghala, altaneta ni shamba. Shamba likiacha kuzaa, ghala linaisha, na watu wetu wanaanza kugombana na ghala. Nimeona mtu akinunua betri mpya mara tatu kwa ugonjwa wa altaneta, na kila mara anamtukana muuza betri.

Kulikuwa na mkulima mmoja wa pamba upande wa Bunda ambaye betri ya trekta lake ikiisha nguvu aliipandisha juu ya bati na kuianika. Nilimkuta anaigeuza upande wa pili, ipate jua vizuri.

"Mzee, hiyo si betri ya tochi," nikamwambia.

"Za redio nikizianikaga zinarudi," akasema. "Hii nayo jana nimeianika, leo asubuhi limewaka. Sasa wewe fundi niambie, kwa nini limewaka?"

Betri iliyopumzika ikapata joto hujikusanya kidogo, inaweza kukuwashia mara moja halafu ikakuacha shambani. Nilimweleza hivyo. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akaenda kuigeuza tena.

Kazi yenyewe nilijifunzia hapo hapo Bunda, kwa Mzee Mugeta. Huyu alikuwa fundi asiyemiliki mita ya kupimia umeme. Mita yake ilikuwa pua, sikio na kiganja. Alikuwa anachukua bisibisi ndefu, anaweka ncha kwenye altaneta inayozunguka na mpini kwenye sikio, anafumba macho. Beringi zikianza kuisha alisikia mkwaruzo kabla hata mwenye gari hajasikia kelele yoyote. Nilipojaribu mimi nilisikia ngurumo tu. "Unasikia nini?" akaniuliza. Nikasema nasikia gari. Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini jaribuni, vijana, mzoee. Sikilizeni kwanza altaneta nzima, nyingi, mpaka mjue inavyoimba ikiwa na afya. Ndipo mtaijua inayolalamika.

Alikuwa na kipimo kingine, na hicho ndicho kilichonivuruga kichwa. Gari likiwa limewashwa, alifungua kichwa kimoja cha betri, kile kibano cha waya, akakitoa. Injini ikiendelea kuunguruma, anasema altaneta nzima, inajilisha yenyewe. Ikizima, mbovu. Alifanya hivyo kwenye malori na matrekta miaka nenda miaka rudi, na mimi nilikiona hicho kuwa kipimo cha mabingwa. Mpaka siku alipoletewa gari la kisasa, safi, lina vioo vya kupanda vyenyewe. Akakitoa kichwa cha betri kama kawaida yake. Taa ziliwaka kwa nguvu ya kutisha, kitu kikasema tap, dashibodi ikafa yote. Mzee Mugeta alirudi nyuma hatua moja.

"Limekasirika," akasema.

Magari ya siku hizi yana kompyuta na vitu laini ndani. Ukiitoa betri injini ikizunguka, umeme wa altaneta unapanda ghafla bila mahali pa kwenda, unaunguza dayodi za ndani yake na kompyuta kwa pamoja. Kwa hiyo msifanye. Nasema msifanye, ingawa bado najiuliza inakuwaje mkono ule ule uliokuwa sahihi jana uwe wa kuua leo, na hakuna aliyemtumia mwenye mkono taarifa. Mzee alistaafu bila kuipata.

Dalili ziko nyingi, na karibu zote zinasema uongo kidogo. Kuna taa nyekundu yenye picha ya betri kwenye dashibodi. Ikiwaka ukiwa unatembea, usiipuuze. Ila ikiwa haijawaka usiseme uko salama, maana nimeona magari yanakufa barabarani na ile taa imelala. Kuna taa kubwa za mbele: zikififia gari likisimama na zikichangamka ukikanyaga mafuta, altaneta inalia njaa. Vifuta kioo vinavyokwenda kwa uvivu mvua ikinyesha, na taa ya kona inayokonyeza polepole, ni habari hiyo hiyo. Mkanda ukipiga kelele asubuhi unapowasha, wengine wanaupaka sabuni ya kufulia unyamaze. Unanyamaza kweli, halafu unateleza vizuri zaidi, na betri haijazwi. Bonyeza mkanda kwa kidole gumba gari likiwa limezimwa. Ukilegea kupita kiasi, ukaze. Ukiwa na nyufa, utoe.

Kuna na ile ya kuzidisha umeme. Siku moja kondakta alilalamika kwangu kwamba ndani ya gari kuna abiria kabeba mayai viza. Wamekagua mizigo yote, wamegombana na mama mmoja mwenye kikapu, mayai hayakuonekana. Kumbe betri ilikuwa inachemka kwa sababu altaneta imepoteza kizuizi chake cha umeme na inaijaza betri bila huruma. Harufu ya betri inayochemka ni hiyo. Yule mama mwenye kikapu alikuwa ameshashuka kwa hasira.

Sasa nifike kwa Mama Nyangeta.

Huyu ni mfanyabiashara wa dagaa, mjane, anakaa mtaa wa Kamunyonge hapa Musoma, kwenye nyumba yenye geti. Alikuwa na pikapu ya kupeleka dagaa kwenye magulio ya Bunda, na dereva wake alikuwa Masatu, mtoto wa kaka wa marehemu mume wake. Kwa hiyo Masatu anamwita mama mdogo. Kijana mpole, amepanga chumba mtaa wa Nyakato, na wakati ule posa yake ilikuwa imeshapelekwa kwa watu wa Bunda. Kilichobaki kilikuwa ng'ombe wa mahari, na ng'ombe hao walitakiwa watoke kwa ukoo wa huyo huyo marehemu, kule Butiama.

Mama Nyangeta alikuja gereji kwa miguu.

"Fundi, nimekuja bila gari makusudi, nataka tuongee sisi wawili. Betri yangu mpya kabisa. Gari likilala kwa Masatu, asubuhi linawaka. Likilala kwangu, asubuhi limekufa. Kwake linawakaga, kwangu linakufaga. Niambie hiyo ni nini."

Nikamwambia sijui.

"Mimi najua," akasema. Akashusha sauti. "Watu wamemwona jioni anabeba betri. Mara nyingi. Anaikodisha kwa wavuvi wa dagaa, wanaenda nayo ziwani kuwashia taa. Ikichoka ananirudishia mimi."

Hapo niwaeleze utaratibu wao. Siku ya kuamkia gulio, gari lilipakiwa magunia jioni na kulala kwa mama, ndani ya geti, ili waondoke alfajiri. Siku nyingine zote Masatu alilala nalo Nyakato. Kwa hiyo gari lilikuwa linakataa kuwaka siku ile ile ya gulio, likiwa na magunia mgongoni, wateja wakisubiri Bunda. Ukiwa mama wewe, ungefikiri nini? Na wavuvi wetu wa dagaa kweli wanatumia betri kwenye taa zao. Maneno yake yalikuwa na miguu.

Kesho yake Masatu akaleta pikapu. Gari likawaka mara moja, likaunguruma vizuri. Niliweka mita kwenye betri: volti kumi na nne na ushee, kama kitabu kinavyotaka. Nikawasha taa zote na feni, volti bado zinasimama pale pale. Mkanda mzuri. Taa nyekundu imezima. Nilimwuliza Masatu bila kuzunguka kama anatoa betri.

"Natoa, mzee. Kila siku. Pale ninapokaa hakuna ukuta, wezi wanafungua boneti kama mlango wao. Naingiza betri ndani naiweka chini ya kitanda. Mama mdogo nilimwambiaga hivyo hivyo."

"Na kwake huwa unatoa?"

"Kwake kuna geti na mlinzi. Nitoe ya nini?"

Aliponiambia nilimwamini. Mama naye nilimwamini. Hapo ndipo tabu yangu ilipokuwa, maana waliosema kweli ni wawili na gari ni moja. Nilichomoa fyuzi moja moja nione kama kuna taa au redio inayokula umeme gari likiwa limezimwa. Sikuona kitu. Mita yangu upande wa kupima ampea ulikuwa umeungua siku nyingi, nikajisemea haina neno. Masatu akaongeza jambo: "Halafu mzee, redio inaliaga wiii. Nikikanyaga mafuta, mluzi unapanda." Nikamwambia huo ni waya wa antena. Nilisema kwa sauti ya kujiamini sana, kama mnavyotujua sisi mafundi.

Siku ya gulio iliyofuata, Mama Nyangeta akaniita Kamunyonge mapema. Jua ndiyo kwanza linatoka. Magunia yako garini, mlinzi yuko getini, majirani wawili wamesimama na vikombe vya uji, na Masatu anazungusha ufunguo: tik, tik, basi. Nilifungua boneti nikapeleka mkono kukagua mkanda. Kiganja changu kikagusa altaneta.

Ilikuwa na joto.

Vijana, nilichanganyikiwa. Gari limelala usiku kucha, limekufa kabisa, halafu kitu hiki kina joto la mkono wa mtu mwenye homa. Nikajiona nimegundua jambo kubwa, mdomo ukatangulia akili.

"Nani ameliwasha gari hili usiku?"

Kilichofuata sitaki kukirefusha. Mama Nyangeta alipiga makofi. "Mnasikia? Fundi kasema! Masatu na mlinzi wanalitoa usiku kwa ufunguo wa pili!" Mlinzi akaapa kwa Mungu hajafungua geti. Majirani wakaweka vikombe chini. Masatu alinitazama mimi, si mama yake mdogo, mimi. Akasema polepole, "Mzee, hata wewe?"

Mama akatangaza pale pale kwamba Jumamosi kutakuwa na kikao cha ukoo Butiama, kwa Mzee Manyama, kaka mkubwa wa marehemu, na fundi atakuwepo kutoa ushahidi. Kila mtu alielewa maana yake. Masatu akitoka kwenye kikao kile na jina la mwizi, hapewi ng'ombe, na bila ng'ombe yule binti wa Bunda anaolewa kwingine. Na ushahidi uliokuwa unampeleka huko ulikuwa wa kwangu.

Nilirudi gereji kichwa kizito. Ni kesho yake mchana, gari la mtu mwingine limeingia kutoka safari, nimefungua boneti, joto likanipiga usoni nikarudi nyuma. Nikabaki nimeshika lile boneti juu. Kamunyonge halikunipiga joto lolote. Nilikuwa nimeegemea rejeta na tumbo langu, na rejeta ilikuwa baridi mpaka nikasisimka. Injini iliyozunguka usiku haiwezi kubaki baridi yote, ikaacha joto kwenye altaneta peke yake.

Basi ndipo nilipomkumbuka Mzee Mugeta alivyokuwa anazunguka asubuhi kwenye magari yaliyolala gereji, kabla hajanywa chai, anayagusa altaneta kwa kiganja. Nilidhani anayasalimia.

Ndani ya altaneta kuna dayodi. Zichukulieni kama vijilango: zinaruhusu umeme uende kwenye betri na kuuzuia usirudi. Kimoja kikiharibika, gari likiwa linatembea hutagundua kwa urahisi, mita itakuambia volti kumi na nne na utashukuru Mungu. Labda redio itapiga mluzi unaopanda na kushuka na mafuta, na ukiwa mjinga kama mimi utasema ni antena. Gari likizimwa, umeme unarudi kinyumenyume kutoka kwenye betri, unapita kwenye nyaya za altaneta usiku kucha na kugeuka joto. Asubuhi betri imekauka na altaneta ina homa. Na wala waya wake mnene haupiti kwenye zile fyuzi nilizokuwa nachomoa. Kwa Masatu betri ililala chini ya kitanda, haijaunganishwa na chochote, kwa hiyo haikuliwa. Kwa mama ililala garini, ikaliwa. Wote wawili walikuwa wakweli.

Nilikwenda Kamunyonge mbio kumweleza. Mama Nyangeta alinisikiliza akiwa anapepeta dagaa.

"Fundi," akasema, "jana mbele ya watu umesema gari limewashwa usiku. Leo tuko wawili, unasema halikuwashwa. Mimi nishike lipi?"

"Shika la leo, mama."

"Yule mtoto amekuja kwako kukuomba useme hivi?"

"Hajaja."

"Utayasema Butiama."

Ijumaa alasiri tukaondoka, watatu kwenye kiti kimoja cha mbele. Masatu anaendesha, mama dirishani, mimi katikati na gia katikati ya magoti. Mtuhumiwa, mshitaki na shahidi, na redio inapiga wiii kila tukipanda kilima. Hakuna aliyeizima. Nilitaka kusema "mnasikia huo mluzi?" lakini nikaona nimeshasema vya kutosha kwa wiki moja.

Tulipofika, Masatu kwa mazoea akachukua spana akafungua boneti kutoa betri. Nikamshika mkono.

"Iache."

"Kesho gari halitawaka, mzee."

"Ndiyo nataka lisiwake."

Akarudisha spana. Sijui kama aliniamini. Nadhani alikuwa amechoka tu.

Butiama asubuhi kuna ubaridi ambao sisi wa ziwani hatuuzoei. Wazee walitoka wamejifunika. Nilimwomba Mzee Manyama kwamba kabla ya maneno yoyote waje kwenye gari. Ufunguo ukazungushwa: tik, tik. Mama Nyangeta akasema, "Mnaona?" Nikafungua boneti.

"Mzee, weka mkono hapa." Nikampeleka kwenye injini.

"Baridi."

"Na hapa." Rejeta.

"Baridi kama jiwe."

"Sasa hapa."

Mzee Manyama aliweka kiganja kwenye altaneta, akakitoa, akakirudisha. Akamwita shangazi yake Masatu aguse. Shangazi akagusa, akaangalia vidole vyake. Wakaja wengine, mmoja mmoja, wamekunja migolole yao ya kujifunika, wanagusa injini, wanagusa rejeta, wanagusa altaneta, wanatikisa vichwa. Mzee mmoja alirudia mara mbili, nafikiri kwa sababu ya baridi.

Nikatoa kichwa cha betri mbele yao, nikawaomba tukanywe uji. Tuliporudi wakagusa tena: altaneta imepoa, sawa na vyuma vingine. Nikarudisha kichwa cha betri, tukakaa pale pale tukiliangalia gari, boneti wazi, ufunguo uko mfukoni mwa Mzee Manyama. Hakuna aliyelisogelea. Baada ya muda nikamwambia aguse. Betri ilikuwa imebakiwa na nguvu kidogo tu, lakini lile vuguvugu likarudi.

"Kwa hiyo mwizi anakaa humu humu," akasema.

Nikawaeleza habari ya vijilango, na nikaeleza kwamba Kamunyonge nilisema nisichokijua. Mzee Manyama akamgeukia Mama Nyangeta. "Shemeji, umeelewa?"

Mama alikuwa bado hajagusa. Alikuja, akaweka mkono wake pale, akauacha. Aliuacha muda mrefu mpaka nikadhani anaumwa. Kisha akawageukia watu wote na kusema kwa sauti, kama alivyosema kwa majirani, kwamba alikosea, Masatu hakuiba, na aliyesikia lile la kwanza akalisema na hili la pili. Ilikuwa imemgharimu. Shangazi akapiga kigelegele. Mzee Manyama akasema ng'ombe watakwenda Bunda kama ilivyopangwa, na akamrudishia Masatu ufunguo.

Nilifurahi, niseme ukweli. Nilijiona nimemaliza kazi. Tulisukuma gari likawaka, magunia ya mahindi ya kupewa yakapakiwa, na mama akasema, "Haya mwanangu, twende. Jumatatu mapema tuna gulio."

Masatu alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa.

"Mama mdogo, leo nitakurudisha, kwa sababu wewe hujui kuendesha. Jumatatu utafute dereva."

"Dereva? Si nimesema nimekosea? Si umesikia nimesema mbele ya wazee?"

"Nimesikia, mama. Nashukuru."

"Sasa nini tena?"

"Mimi nilikwambiaga mwenyewe, kwa mdomo wangu, betri naingiza ndani naogopa wezi. Hukuniamini. Umekuja kuamini hiki chuma." Hakupandisha sauti. Alifunga boneti, akalibonyeza mpaka likashika. "Nakuheshimu. Ila siwezi kuendesha tena."

Mama Nyangeta akanitazama mimi, kama vile kuna mahali kwenye hilo jambo ningeweza kuweka mita. Tulirudi Musoma vile vile tulivyokuja, watatu kiti kimoja, na mimi katikati.

Jumapili nikabadilisha dayodi. Kazi ya kawaida: fungua altaneta, yeyusha risasi ya kuunganishia, toa bamba la dayodi la zamani, weka jipya, kagua kaboni na beringi ukiwa umo humo humo. Ninyi mna mita za kubana waya, zinaweza kuwaonyesha umeme unaorudi bila kufungua kitu, zitumieni. Lakini asubuhi, kabla gari halijawashwa, gusa. Ukishagusa, nyamaza kwanza.

Pikapu ile haijakataa kuwaka tena, Kamunyonge wala kwingine. Redio iko safi. Siku ile alikuja kuichukua kijana mwingine nisiyemjua, mwenye kofia, mchangamfu, anatafuna muwa. Akazunguka upande wa mlango wa dereva, akarekebisha kiti na kioo, halafu akachungulia dirishani na kuniuliza kama kuna chochote anachotakiwa kujua kuhusu hili gari. Nilisimama pale na spana mkononi, nikamwambia sijui.